Chakula cha jioni cha Julai hupikwa Jumapili

Mtu wa Mombasa akimsikia mkazi wa Nairobi analalamikia baridi ya Julai hucheka, na wa Limuru hucheka zaidi, kwa kuwa yeye ndiye anayeijua baridi yenyewe. Nyuzi 11 au 12 za usiku hazimtishi mtu zikiandikwa kwenye karatasi. Lakini nyumba zetu ni za mawe na saruji, sakafu ni ya vigae, madirisha ya chuma hayafungi barabara, na nyumba ya kawaida haina chombo chochote cha kupasha joto, hivyo baridi iliyoingia ndani mwezi wa Juni huishi humo kama mpangaji hadi Agosti iishe. Giza nalo lina hadithi yake. Kwa kuwa mji huu uko karibu na ikweta, jua huzama kwenye saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima, na kwa saa ya ukutani jioni ya Julai haitofautiani sana na ya Januari. Kinachotutia giza ni wingu la chini linalotanda tangu alfajiri na ambalo siku nyingine halipasuki kabisa, kiasi kwamba saa kumi alasiri taa za ofisini zinawaka na kila mtu anajiona amechelewa kwenda nyumbani.

Mtu anayeshuka matatu Kangemi saa moja na nusu usiku, miguu imeganda ndani ya viatu na watoto nyumbani wameshauliza mara kadhaa kama chakula ki tayari, hahitaji mapishi mapya. Anahitaji kukuta sehemu ndefu ya kazi imekwisha kufanywa. Ndiyo maana sina imani na zile ratiba zinazobandikwa kwenye mlango wa friji, zenye pishi tofauti kwa kila siku ya juma: huwa zinapendeza Jumapili na kufa Jumanne. Katika miezi ya baridi mimi sipangi mapishi. Napanga sufuria mbili. Moja ni ya maharagwe, nyingine ni ya mifupa, zote hupikwa Jumapili, na kutoka hapo jioni za kazi huwa ni suala la kukaanga kitunguu tu.

Nianze na maharagwe, maana hayo ndiyo yanayowashinda wengi. Msimu wenyewe unatusaidia. Maharagwe yaliyopandwa na mvua ndefu za Machi na Aprili huvunwa kuanzia mwishoni mwa Juni, kwa hiyo wakati baridi imekolea ndipo vibanda vinapojaa maharagwe mapya, na tofauti ya maharagwe mapya na yaliyolala ghalani si ndogo. Yale yaliyokaa muda mrefu mahali penye joto na unyevu huwa magumu kiasi kwamba unaweza kuyachemsha mchana kutwa na bado ukayakuta yana kiini kama kokoto. Mama mboga anayejua kazi yake hukwambia mapema. Wetu huyachota kwa kiganja, akayaacha yateleze kurudi kwenye gunia ili niyaone ganda lake lilivyo na mng'ao, kisha akasema, "Haya ni ya msimu huu, mama, hayatakumalizia gesi." Nikimuuliza rosekoko au Nyayo, hunipa rosekoko kwa mchuzi na Nyayo kwa githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na sijaona sababu ya kubishana naye.

Maharagwe huchambuliwa na kulowekwa Jumamosi usiku. Asubuhi maji yale humwagwa, yakatiwa mengine, na mchemko wa kwanza huwa mkali. Jambo hilo si la ladha. Maharagwe mekundu yasiyoiva yana sumu ya asili, aina ya lektini, ambayo huvunjika kwa mchemko wa kububujika wa angalau dakika 10, lakini haivunjiki kwa moto wa kuvuguvugu hata ukikaa nao saa nyingi. Tumbo la mtu aliyekula maharagwe ya namna hiyo humweleza habari kabla hakujakucha. Baada ya mchemko huo ndipo moto unapopunguzwa.

Hapa Nairobi tuna tatizo la ziada ambalo wapishi wa pwani hawalijui. Mji huu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka kwa joto la chini. Hapa huchemka kwa nyuzi 94 au 95 hivi, siyo 100. Kwa macho sufuria inabubujika vilevile, ila nafaka iliyomo inaiva polepole zaidi. Kwa hiyo muda ulioandikwa na mtu wa Mombasa au wa Dar es Salaam hautoshi huku, na mpishi wa Nairobi anayeufuata hudhani ameuziwa maharagwe mabaya. Sufuria ya presha ndiyo dawa yake, kwa kuwa mvuke uliofungiwa hupandisha joto kupita nyuzi 110. Maharagwe yaliyolowekwa ambayo yangechukua saa moja na nusu au mbili kwenye sufuria ya kawaida huwa tayari ndani ya nusu saa hivi tangu ianze kupiga mluzi. Kama kuna chombo kimoja cha jikoni ambacho ningemshauri mtu ajinyime kidogo akinunue kabla ya Juni, ni hicho.

Wapo wanaotia magadi, yale yanayochimbwa kule Ziwa Magadi, ili nafaka ilainike upesi. Kweli hulainika, hasa mahindi makavu ya githeri, lakini magadi huharibu vitamini B1 iliyomo na yakizidi kidogo huacha ladha ya sabuni. Mimi nimeyaacha. Anayetaka githeri isiyomchosha atafute muthokoi, yale mahindi ya Ukambani yaliyokobolewa ganda, ambayo huiva upesi kuliko mahindi mazima na hutulia tumboni usiku. Nyanya nazo zisitiwe mapema. Uchachu wake huyafanya maharagwe yasiyoiva yabaki magumu, na hapo utaongeza maji na kulaumu jiko bure.

Yakishaiva hupozwa, yakagawanywa pamoja na maji yake kwenye vibakuli vya kiasi cha jioni moja. Yatakayoliwa kufikia Jumatano hukaa kwenye friji, mengine huenda kwenye barafu. Maji yale yasimwagwe, kwani humo ndimo ulimo uzito wa mchuzi wa kesho. Na asiye na friji asidhani maneno haya hayamhusu. Kando ya barabara nyingi za mitaa yetu, kuanzia alasiri, kuna mtu mwenye sufuria kubwa juu ya makaa anayeuza githeri na maharagwe yaliyochemshwa, kwa kikombe. Hiyo kazi ndefu ameshakufanyia, tena kwa moto ambao wewe usingeweza kuugharimia nyumbani. Kitu cha kuzingatia ni kuichemsha tena vizuri ukifika, maana hujui imekaa pale tangu saa ngapi.

Sufuria ya pili ni ya mifupa. Bucha yoyote ina mifupa ya ng'ombe inayouzwa kwa bei ya chini kuliko nyama, na inayofaa zaidi ni ya magoti na miguu, iliyopasuliwa kwa msumeno ili uboho uonekane. Huanzishwa na maji baridi. Povu la kijivu linapopanda huenguliwa kwa upawa hadi maji yatulie, kisha hutiwa kipande cha tangawizi kilichopondwa kwa kisu, kitunguu kizima, vitunguu saumu vichache na mashina ya dania, yale ambayo watu huyatupa. Chumvi hapana. Supu hii itapungua na kupashwa mara kadhaa kabla ya juma kwisha, na ikiwa na chumvi tangu mwanzo itafika Alhamisi haionjeki. Moto ukiwa mdogo kwa saa tatu au nne, au saa moja na kitu ndani ya presha, kile kinachoshikilia viungo vya mnyama huyeyuka, na supu ikipoa huganda na kutikisika ukikigusa kibakuli. Juu yake hujitenga mafuta meupe, magumu, yanayovunjika kwa kijiko kama nta. Hayo mafuta yana kazi: kijiko kimoja kwenye sukuma wiki ya Jumatano hufanya watu waulize nyama imekwenda wapi.

Kwa sufuria hizo mbili, Jumatatu huanza kwa vitunguu viwili vyekundu vilivyokatwa vyembamba. Huvikaanga hadi kingo zianze kugeuka kahawia, nisivikimbize, maana harufu hiyo ikifika sebuleni watoto huacha kuuliza chakula kitakuwa tayari lini. Tangawizi na saumu hufuata, kisha nyanya, ambazo sasa hazina madhara kwa kuwa maharagwe yameshaiva. Yakishaingia, upawa mmoja wa maharagwe husagwa kwa mwiko kwenye ubavu wa sufuria na kurudishwa, na papo hapo ule mchuzi uliokuwa maji hushikana. Nikiwa na tui la nazi nalitia mwishoni, na moto uwe mdogo lisije likakatika. Mchuzi huo huliwa na wali au na chapati. Kuhusu chapati nina msimamo mkali: hazipikwi jioni ya kazi. Kukanda, kusubiri, kusukuma na kuchoma ni shughuli ya Jumapili alasiri, wakati presha inapiga mluzi kando. Zikitengwa kwa karatasi na kugandishwa, huhitaji dakika moja tu kila upande juu ya kikaango. Anayesukuma chapati Jumanne saa mbili usiku anatafuta sifa.

Jumanne ni supu. Vipande vya viazi na karoti huchemkia ndani yake, kabichi iliyokatwa nyembamba huingia dakika za mwisho, na mezani kuna ndimu na pilipili kwa anayetaka. Watu wa mji huu wameamini siku zote kwamba supu ni ya asubuhi, ya kibanda, ya mtu aliyelala vibaya. Nadhani tumeionea. Bakuli la moto linaloshikwa kwa mikono miwili saa mbili usiku, na watu bado wamevaa sweta ndani ya nyumba, lina kazi ambayo sahani ya wali mkavu haiwezi, na katika msimu huu ningependelea chakula chenye maji ya moto na nyama kidogo kuliko chenye nyama nyingi iliyopoa kabla ya mtu wa mwisho kunawa mikono.

Viazi vyenyewe, vingi vinavyotufikia kutoka Nyandarua ni Shangi. Huiva haraka na kuvurugika haraka, jambo ambalo ni kero kwa anayetaka mchuzi wenye vipande vinavyoonekana, ila kwa supu ni neema, maana vinavyovurugika ndivyo vinavyoipa uzito. Kasoro yake ni kuchipua. Shangi ikikaa juma moja au mawili huanza kutoa macho, kwa hiyo nanunua vya siku chache na kuvihifadhi gizani, na kiazi chenye ganda la kijani sikimenyi wala sikisamehe.

Jumatano haihitaji maelezo mengi: ugali, sukuma wiki au managu, na mayai ya kukaanga kwa nyanya. Nyumba nyingi zingeweza kula hivyo kila siku na zisipungukiwe na kitu. Unga nikiuchanganya na wa wimbi kidogo, ugali hubaki na joto kwa muda zaidi, au labda ni mimi ninayetaka kuamini hivyo.

Alhamisi ndiyo ninayoipenda, kwa sababu sufuria mbili hukutana. Maharagwe yaliyobaki hutiwa kwenye supu iliyobaki, na viazi kidogo, na kama kuna mahindi mabichi, ambayo kwenye Agosti huanza kuwa mengi, punje zake hukatwa kwenye gunzi na kuingia pia. Nusu husagwa, nusu huachwa. Kinachotoka si githeri wala si supu, ni kizito kiasi cha kijiko kusimama, na hakuna mtu nyumbani aliyewahi kukipa jina. Mkwe wangu, ambaye kwake chakula bila ugali ni kitafunio, hukila vikombe viwili kisha akauliza, "Sasa mama, chakula chenyewe kiko wapi?" Humjibu kwa kumwongezea.

Juma likivurugika, na mara nyingi huvurugika, kamande huokoa. Dengu hizi ndogo hazihitaji kulowekwa na huiva kwa nusu saa hivi hata kwenye mwinuko wetu, kwa hiyo mtu aliyesahau kila kitu bado anaweza kula mchuzi wa moto kabla ya taarifa ya habari kwisha. Ndengu, yaani choroko, hufuata, kwa muda mrefu kidogo. Njahi, zile nyeusi za jamii ya maharagwe, niziweke kando: ni tamu, na katika nyumba za Wakikuyu ndicho chakula cha heshima cha mama aliyejifungua, lakini si chakula cha kuanza kupika baada ya kazi. Mukimo, viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi na mboga za majani, nao ni wa Jumapili, ingawa una siri moja: ukilala kwenye friji hushikana, na siku inayofuata unaweza kukatwa vipande na kuchomwa kwenye kikaango hadi upande mmoja uwe na ganda. Binafsi naona huo wa siku ya pili unaupita wa kwanza.

Kuna jioni ambazo hakuna mwenye njaa ya kweli, wote wamechoka na wanataka kitu cha moto tu. Viazi vitamu au nduma zilizochemshwa, pamoja na chai ya maziwa yenye tangawizi, ni chakula kamili cha usiku, na sielewi kwa nini watu huona haya kumwandalia mgeni chakula hicho ilhali wenyewe hukila jikoni wakiwa wamesimama. Uji wa wimbi vilevile.

Neno kuhusu moto. Mipango yote hii inategemea saa nyingi za Jumapili, na gesi haina huruma, ndiyo maana wengine huchemshia nafaka kwenye jiko la makaa. Ni sawa kabisa, mradi jiko libaki nje au kwenye roshani iliyo wazi. Likishaivisha, kishawishi cha kuliingiza ndani ili lipashe chumba joto ni kikubwa mno msimu huu, na hapo ndipo hatari ilipo: makaa yanayoonekana mekundu na safi, yasiyo na moshi hata kidogo, bado yanatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu waliolala na milango imefungwa. Jiko lisilale ndani, hata kama majivu yameshafunika makaa.

Anayetaka kuokoa gesi bila makaa ana njia nyingine, ya kikapu. Kikapu kikubwa huwekewa ndani mto wa kitambaa uliojazwa nguo kuukuu au vipande vya sponji, na mto mwingine wa kufunika. Maharagwe yaliyolowekwa yakishachemka kwa nguvu dakika 20 au zaidi, sufuria hutiwa humo ikiwa bado inabubujika na mfuniko wake, ikafunikwa, ikaachwa saa kadhaa. Joto halina pa kwenda, basi nafaka huendelea kuiva yenyewe. Baadaye huirudisha jikoni ichemke tena kidogo, kwa usalama na kwa kuhakikisha ulaini. Mchemko ule wa kwanza usifupishwe, kwa ile sababu ya lektini niliyoitaja. Kikapu hutunza joto lakini hakiliongezi. Kwa wali kikapu ni kizuri vilevile, ila wali uliopikwa jioni usiachwe humo hadi asubuhi, kwa kuwa uvuguvugu wa muda mrefu ndio unaopendwa na vijidudu vya kwenye wali, na kuupasha tena hakuondoi sumu vilivyokwisha kuiacha.

Ijumaa sipangi kitu. Mara nyingine kuna kibakuli kimoja cha maharagwe kilichobaki kwenye barafu, mara nyingine baba watoto hupita Kangemi sokoni akaja na samaki wa kukaanga aliyefungwa kwenye gazeti, na mara nyingine watu hula mkate na chai wakiwa wamejifunika blanketi mbele ya runinga. Jumamosi asubuhi ndipo ninapofungua friji kuhesabu kilichosalia, nikaenda kwa mama mboga na kapu, na jioni yake maharagwe mengine yakaingia majini.